Siku Simone Alipomlilia Mama Yake

Asubuhi za kiangazi huko Elisabethville, nchini Kongo, ni za baridi. Moshi wa kiwanda cha shaba hushuka chini, ukakaa juu ya mapaa mpaka jua lipande.

Simone aliamka mapema kuliko mume wake. Aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko lake la bati, nje ya mlango, akateleka maji ya chai. Mume wake, Antoine, alikuwa mfanyakazi wa reli. Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua mabehewa. Alikunywa chai, akala bukari, ule ugali uliobaki jana, akavaa koti lake lenye mafuta ya mashine.

"Nakwenda, mama Edith," alisema.

"Uende muzuri, baba Edith."

Edith alikuwa binti yao wa miaka mitatu. Alikaa karibu na moto, amejifunika kitenge cha mama yake, macho bado yana usingizi.

Majirani walimjua Simone kuwa mwanamke mtaratibu. Kwenye bomba la maji hakugombana na mtu. Hakusengenya. Lakini walimshangaa kwa mambo fulani. Mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa, hata kukiwa na baridi kali. Hakufunga kifungo cha juu cha blauzi yake. Hakuvaa ushanga. Mtu akimgusa shingoni, hata kwa kumtania, aliruka kama aliyeungua. Hata Edith alikuwa amekwisha kujua. Alipotaka kumkumbatia mama yake, alimshika kiunoni.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo halikuwa la kuchekesha. Simone hakwenda hospitali. Mtoto wake wa kwanza, Jeannot, alipatwa na surua kabla hajaanza kutembea. Wakati huo Antoine alikuwa ametumwa na kazi hadi Sakania. Simone alikaa na mtoto ndani ya nyumba, akampa maji, akamkanda kwa kitambaa, akamwomba Mungu. Antoine aliporudi alikuta watu wamekaa chini kwenye mikeka ya msiba. Tangu siku ile hakumlaumu mke wake kwa maneno. Lakini kicheko kilihama katika nyumba yao.

Simone alikuwa Mkristo. Alibatizwa akiwa msichana, huko kwao kaskazini, kwenye misioni. Alipenda kanisa. Mwaka ule akina mama wa parokia walikuwa na chama chao cha sala. Simone aliomba kuingia. Alijifunza sala zote, akashona nguo ya buluu kama wenzake.

Jumapili ya kupokelewa, walisimama mbele ya altare. Kila mmoja alivikwa medali ya Bikira Maria, yenye utepe wa buluu. Zamu ya Simone ikafika. Mkubwa wa chama alinyoosha mikono yake, akapitisha utepe kichwani pake. Vidole vyake vikagusa shingo ya Simone, pale chini ya masikio.

Simone alipiga kelele. Aliuvuta utepe ukakatika, medali ikaanguka kwenye sakafu. Kabla watu hawajaelewa, alikuwa amekwisha kutoka nje, mbio, bila viatu.

Maneno yalienea mtaani siku hiyohiyo. Wengine walisema ana pepo. Wengine walisema Bikira Maria mwenyewe amemkataa, kwa sababu ya dhambi aliyoificha. Bombani wanawake walinyamaza alipokaribia, wakaendelea kusema alipoondoka.

Kesho yake jioni katekista Alphonse alikuja nyumbani. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Alikaa kwenye kiti walichompa, kofia magotini.

"Mama Simone, unatuhuzunisha," alisema. "Kuna dhambi hukuungama?"

"Hapana, katekista."

"Basi ni woga. Mukristu hapashwe kuogopa. Bya zamani bilikufa siku ya ubatizo. Sahau. Salia sana, utasahau."

"Ndiyo, katekista."

Alisali. Alisali asubuhi, akasali mchana akipepeta unga. Aliomba asahau. Lakini kila alipofumba macho aliona jambo lilelile: mikono ya mtu inatafuta kitu shingoni pa mama yake. Baada ya siku kadhaa aliacha kuomba. Aliwaza, "Mungu amenisikia, hataki." Akaacha kwenda misa. Chakula kilimshinda. Akawa anakaa kizingitini, uso umeelekea njiani, wala haangalii kitu.

Mwisho wa Julai, Edith alishikwa na kikohozi.

Mwanzo kilikuwa kikohozi cha baridi tu, kama cha watoto wote. Halafu mwili ukawa moto. Halafu akakataa uji. Antoine alipotoka kazini alimfunua mtoto, akamtazama. Alikuwa akipumua upesiupesi. Matundu ya pua yalipanuka kwa kila pumzi, na ngozi chini ya mbavu ilikuwa ikiingia ndani.

"Kesho ku lopitalo," Antoine alisema.

"Nitamupa dawa ya majani."

"Mama Edith. Kesho ku lopitalo."

"Kule banachukua bantu," Simone alisema kwa sauti ndogo. "Banaingia, habatoki."

Antoine aliinuka. Alisimama akiangalia ukuta. "Jeannot alikufa humu mu nyumba," alisema. "Sitaweza tena. Unanisikia? Sitaweza tena."

Lilikuwa neno lake la kwanza juu ya Jeannot tangu siku ya maziko. Simone alilia bila sauti. Akaahidi kwamba asubuhi atakwenda.

Lakini asubuhi, Antoine alipokwisha kwenda kazini, watu wa afya walipita mtaani. Walikuwa wakikagua nyumba na mitaro, kama walivyofanya kila mara. Munganga mmoja, mtu wa dawa, alivaa koti jeupe. Nyuma yake alitembea polisi mwenye kofia nyekundu. Simone aliwaona kwa mbali. Alifunga mlango, akaweka komeo, akambeba Edith, akaingia naye chini ya kitanda. Mtoto alipotaka kukohoa, alimziba mdomo kwa kiganja.

Jirani wa karibu alikuwa Mama Adolphine. Alikuwa mjane, mtu wa Kasai, mnene, mwenye hatua za polepole. Alifanya kazi ya kusaidia wanawake kuzaa kwenye nyumba ya uzazi ya misioni. Siku hiyo alikuwa na mapumziko. Aliona mlango wa Simone umefungwa mchana, naye hajawahi kuuona umefungwa. Akaja. Akabisha. Hakujibiwa, lakini alisikia kikohozi kilichozibwa.

"Mama Edith," aliita. "Ni miye, Adolphine. Niko peke yangu. Bale bantu bamepita, banaenda mbali."

Kikohozi kikazibwa tena.

"Sitavunja mulango. Nitaikala hapa chini. Ukitaka, utafungua."

Akakaa chini kwelikweli, mgongo kwenye ukuta. Alianza kusali rozari kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani. Baada ya muda komeo lilivutwa. Mlango ukafunguka kidogo.

Simone alikuwa anatetemeka. Vumbi lilikuwa usoni na kwenye nywele. Edith alikuwa amelegea mkononi mwake, midomo yake imeanza kugeuka rangi. Mama Adolphine aliona mara moja kwamba mtoto hana muda wa kungoja. Lakini hakumnyang'anya. Aliingia polepole, akauacha mlango wazi.

"Angalia mulango," alisema. "Iko wazi. Unaona mbabula yako kule inje? Unaona mashuka ya jirani? Uko wapi sasa?"

Simone alitazama. "Niko... niko mu nyumba yangu."

"Mu mugini gani?"

"Elisabethville."

"Njo vile. Uko Elisabethville, mu nyumba yako, na mutoto yako. Weka muguu chini. Unasikia udongo? Vuta pumzi. Tena. Pole, mwanangu, pole."

Kutetemeka kulipungua. Mama Adolphine aliuliza, "Uliona nini, mama?"

Ndipo Simone aliposema. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Antoine. Maneno yalitoka vipandevipande.

Alikuwa mtoto mdogo huko kwao. Ugonjwa wa malale, ule wa usingizi, ulikuwa umeenea mtoni. Siku moja watu wa serikali walifika kijijini na maaskari. Watu wote walipangwa mstari. Mmoja mwenye koti jeupe alipita, akiwashika shingo mtu mmojammoja, akitafuta uvimbe. Alimshika Simone, akamwacha. Alimshika mama yake, Monga, chini ya masikio, akasema neno moja. Maaskari wakamtoa Monga kwenye mstari. Hakuna aliyemwambia sababu. Walimfunga kamba pamoja na wengine, wakaenda.

"Miye nilifuata," Simone alisema. "Walijenga lazareti, kampi ya bagonjwa, na uzio ya miti. Hatukuruhusiwa kuingia. Kila siku nilipeleka muhogo, nikaipitisha mu tundu ya uzio. Mama alikuya, akashika vidole yangu. Alianza kukonda. Alianza kulala akisimama. Siku moja hakukuya. Nikangoja. Nikarudi kesho. Nikarudi tena. Askari akanifukuza. Hakuna mutu aliniambia: mama yako alikufa. Sijui wapi bamemuzika. Hatukulia kilio. Bakubwa walisema tunyamaze, ju bakisikia tunalia watakuya kutuchukua na sisi."

Mama Adolphine alikuwa analia. Hakujificha.

"Na katekista aliniambia nisahau," Simone alisema. "Nimejaribu. Mungu hataki kunisaidia. Ni shetani, mama?"

"Si shetani. Si dhambi. Ni kidonda," Mama Adolphine alisema. "Mutu akikatwa mukono, tunaona damu. Weye ulikatwa ndani, ukiwa mutoto, na hakuna mutu alifunga kile kidonda. Kikiguswa, mwili yako inakimbia. Inafikiri bale ba zamani bamerudi. Miye naona bamama kama weye ku kazi yangu. Munganga akivaa nguo nyeupe, wengine wanaanguka. Hawana wazimu. Waliona mambo mabaya."

Kisha akaweka mkono wake juu ya mgongo wa Edith.

"Kidonda yako itachukua siku nyingi. Lakini huyu mutoto hana siku nyingi. Hii pumzi ya mbiombio ni ugonjwa ya mapafu. Majani haitaweza. Nitaenda na weye. Sitakuacha hata kidogo. Na hakuna mutu atashika mutoto kabla hajakuambia anafanya nini. Nitasema na munganga kwanza. Utaweza?"

Simone alimtazama Edith. Mbavu zile ndogo zilikuwa zikiingia na kutoka.

"Shika mukono yangu," alisema mwishowe.

Hawakuchukua njia ndefu, lakini kwa Simone ilikuwa ndefu kuliko ile ya kutoka kaskazini hadi mjini. Penye lango la hospitali alisimama. Kulikuwa na uzio, wa nyaya.

"Tuingie hatua tatu, halafu tutoke," Mama Adolphine alisema. "Uone kama lango inafunguka pande zote mbili."

Waliingia, wakatoka. Mlinzi aliwashangaa. Waliingia tena, na safari hii hawakurudi.

Mama Adolphine alitangulia kwa munganga wa hospitali, akamnong'oneza. Huyu alikuwa munganga mwingine, kijana wa Kikongo mwenye miwani, naye alikuwa amechoka na mstari wa wagonjwa. Lakini alisikiliza. Alivua koti lake jeupe, akalitundika nyuma ya mlango. Akaja na shati tu, akachuchumaa mbele ya Simone.

"Mama, nataka kusikiliza kifua ya mutoto na hii chombo. Haiumize. Weye utabaki kumubeba. Naweza?"

Hakuna mtu mwenye kazi ya namna ile aliyewahi kumwomba Simone ruhusa. Aliitikia kwa kichwa. Munganga akasikiliza. Kisha, kwa mazoea, alipeleka vidole kwenye shingo ya mtoto.

"Ngoja!" Simone alisema. Alisikia sauti ya Mama Adolphine sikioni: "Uko Elisabethville. Niko hapa."

Munganga alirudisha mkono. Alingoja. "Natafuta kama koo imevimba," alisema. "Tukiacha, si mubaya. Tutafanya kesho."

Simone alivuta pumzi. Akageuza uso. "Fanya," alisema.

Edith alilazwa. Simone alilala sakafuni karibu naye, akamshika mguu. Alipewa ruhusa ya kutoka na kuingia apendavyo, naye alifanya hivyo mara nyingi, bila haja yoyote, ili kuhakikisha tu. Antoine alikuja kila jioni na nguo zake za kazi. Alikaa upande wa pili wa kitanda. Siku ya pili Simone alimweleza habari za mama yake. Antoine alisikiliza mpaka mwisho, akazunguka kitanda, akakaa upande wake. Homa ilimtesa mtoto siku nyingi. Kisha asubuhi moja Edith alifungua macho akadai uji wa sukari.

Walirudi nyumbani. Watu wakasema, "Sasa yamekwisha." Hayakuwa yamekwisha. Simone alikuwa na siku nyeusi. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilimrudisha kwenye uzio ule, akabaki huko nusu siku. Alimkaripia Edith bila sababu, akajuta. Siku moja alimwambia Mama Adolphine, "Ulisema nitapona."

"Nilisema itachukua siku. Kuya Siku ya Mungu, kiisha misa, ku nyumba yangu. Tuko bamama kidogo."

Walikuwa wanne. Mmoja mume wake alipondwa na udongo mgodini, huko Kipushi. Mmoja alichomewa nyumba utotoni. Wa tatu hakusema lolote tangu alipoanza kuja, na hakuna aliyemuuliza. Wa nne alikuwa Mama Adolphine mwenyewe, aliyezika watoto watatu. Walikaa kwenye mikeka uani, wakichambua lengalenga, mboga ya jioni. Yaliyosemwa pale hayakwenda bombani. Mtu akilia, hawakumwambia anyamaze wala ashukuru. Walingoja. Kisha walisali, na sala zao zilikuwa za namna ambayo Simone hakuijua.

"Bwana, ulikuwa wapi siku ile?" mjane wa Kipushi alisema kwa sauti kubwa. "Nimechoka kukungoja."

Simone alishtuka. "Mutu anaweza kusema vile na Mungu?"

"Yesu alilia kwa kaburi ya rafiki yake," Mama Adolphine alisema. "Na ku musalaba aliuliza Baba yake juu ya nini amemuacha. Kama yeye aliuliza, na sisi tuulize. Unajua, hata alipofufuka, alama ya misumari ilibaki ku mikono. Hakuificha. Hatuombe kusahau, mama Edith. Tunaomba kidonda iache kutoka damu."

Habari ya medali pia walizungumza. Mama Adolphine alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wa chama, akamweleza kwa ruhusa ya Simone. Mkubwa yule aliona aibu. Wiki iliyofuata alileta medali mkononi, na pini ndogo. Simone aliibandika kwenye nguo, upande wa moyo.

Lakini swali moja lilibaki, nalo lilimla kuliko yote. Alilitoa mwezi wa Septemba.

"Mama yangu hakubatizwa. Mu katekisimu walitufundisha kama bapagani wanapotea. Nikimuombea, ninaombea mutu iko mu moto?"

Wanawake walitazamana. Mama Adolphine aliweka majani chini.

"Siyui," alisema. "Sitakudanganya. Twende tuulize mupe."

Mupe, padri wa parokia, alikuwa Mbelgiji mzee mwenye ndevu za njano kwa tumbako. Kiswahili chake kilikuwa kizito. Simone alisema akitazama viatu vyake. Alisema juu ya mstari, kamba, uzio, muhogo. Mupe alizima kiko chake. Hakukatiza.

"Wale watu walipigana na ugonjwa mukali," alisema mwishoni. "Ugonjwa uliua vijiji. Hiyo ni kweli. Lakini kumufunga mama kamba kama mbuzi, na kumuacha mutoto ku uzio bila neno, ile ilikuwa vibaya. Walikuwa watu wa kwetu. Mimi nasikia aibu."

Aliweka kiko mezani.

"Unaniuliza mama yako iko wapi. Mimi siko mulinzi ya mulango ya Mungu. Mama yako alikuwa na nguvu kidogo tu, akaipoteza kutembea mpaka ku uzio kushika vidole vyako. Mungu aliona ile. Upendo kama ule hautoki kwa shetani. Muombee, mwanangu. Muombee bila woga."

"Nitapashwa kuwasamehe?" Simone aliuliza. "Bale ba kamba?"

"Siku moja, Mungu akikusaidia. Leo, lia kwanza."

Wakaamua kufanya matanga.

Haikuwa kawaida kumlilia mtu aliyekufa zamani vile, asiye na maiti wala kaburi. Jirani mmoja alicheka. Antoine alimwambia, "Cheka kwako." Alikopa mikeka kwa wenzake wa reli, akawasha gogo uani kama desturi. Jumapili, baada ya misa, watu walikuja. Wanawake wa Mama Adolphine walikuja na vilemba vimefunguliwa, kama wafiwa. Mupe alikuja na kitabu chake, akakaa chini kama wengine. Katekista Alphonse naye alikuja. Alimfuata Simone pembeni.

"Nilifanya haraka na weye," alisema. "Nilikufunga mudomo. Unisamehe, mama."

Simone alimpa mkono.

Walikaa. Hapakuwa na mahali pa kuelekea, kwa hiyo walielekea kaskazini. Mupe alisali. Kisha watu wote wakamngoja Simone. Alikaa miguu imenyooshwa, mikono magotini. Alifungua mdomo, sauti ikakataa. Gogo likapasuka motoni.

Kisha mwanamke yule wa tatu, ambaye hakuwahi kusema, aliita kwa upole, "Monga."

"Mama," Simone alisema. "Mama Monga. Mama yo!"

Kilio kikatoka. Kilikuwa kilio cha mtoto mdogo, chenye sauti nyembamba, na waliokisikia walisema hawatakisahau. Alimwita mama yake. Alimwambia alileta muhogo. Alimwambia alirudi, akarudi tena, hakumtupa. Wanawake walilia naye, kila mmoja akimlilia wa kwake, na Antoine aliyesimama nyuma alifunika uso kwa kofia akamwita Jeannot. Jua liligeuka. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kilio kilipoisha, waliosha nyuso kwa maji ya ndoo moja. Wakala bukari. Usiku huo Simone alilala mpaka asubuhi, na Antoine ndiye aliyewasha makaa.

Hakuwa mtu mwingine. Hata baada ya siku ile, kuna asubuhi alizoamka na uzito kifuani, na kofia nyekundu njiani zilimfanya ashike ukuta. Lakini sasa alijua jina la jambo hilo. Alisimama, akahisi udongo chini ya miguu, akajiambia yuko mji gani. Kama haikutosha, alikwenda kwa Mama Adolphine. Siku za kupima watoto alimpeleka Edith, akingoja kwenye mstari pamoja na wengine, amekunja uso, lakini hakuondoka. Mwezi wa Oktoba mwanamke wa mtaa wa tatu alikataa kwenda kuzaa hospitali. Wakamwita Simone. Alikwenda, akakaa chini mlangoni pake.

Mvua za kwanza zilichelewa mwaka ule. Ziliponyesha, zilinyesha mchana kutwa. Jioni ardhi ilipasuka vitundu, na inswa wakatoka, wale kumbikumbi wenye mabawa, maelfu, wakijaza uwanja. Watoto wote wa mtaa walitoka mbio na mabakuli. Edith alibaki kizingitini. Aliwaogopa.

Simone alimtazama. Halafu mikono yake ikafanya jambo ambalo hakujua kwamba inalijua. Ilimdaka mdudu mmoja, ikamshika kwa vidole viwili, ikamtoa mabawa kwa kupuliza mara moja tu. Fuu!

Kwa miaka yote, alipomkumbuka mama yake, alimwona nyuma ya uzio tu, amekonda, na usingizi machoni. Sasa alimwona mahali pengine. Alimwona amechuchumaa kwenye matope, mwili wake umejaa, anapuliza mabawa na kucheka, na mabawa yameganda kwenye mashavu yake.

"Mama, juu ya nini unalia?" Edith aliuliza.

"Kuya hapa," Simone alisema. "Fungua kinywa. Hii ni tamu. Nkambo yako Monga alinionyesha namna ya kuikamata. Alikuwa muntu ya kucheka sana, nkambo yako. Ikala, nikuambie."

Mtoto alikaa mapajani mwake, akafungua kinywa.